Toti ya mwisho ya bourbon na rai: kunywa kavu, kuhamisha, kuchanganya au kokteli?

Mwaloni_502 (Louisville, Kentucky)

Wakuu, naombeni mawazo. Kabatini kwangu kuna chupa nne za wiski, tatu za bourbon (ya mahindi) na moja ya rai (ya nafaka ya rai), zilizobakiwa na toti moja moja. Zote ni za mapenzi, na ndiyo maana zimekwama: kila nikiigusa moja, naona afadhali nifungue nyingine mpya. Sasa zinajaza rafu na hazinyweki.

Zenyewe ni hizi. Wild Turkey 101. Elijah Craig ya zamani, ile yenye namba 12, yaani miaka, kwenye lebo. Four Roses ya pipa moja iliyochaguliwa na duka la hapa mjini, alama yake OBSK. Na Rittenhouse, wiski ya rai yenye kilevi cha asilimia 50.

Njia ninazozisikia ni nne: kuinywa kavu iishe; kuihamishia kwenye kichupa kidogo ikae; kumimina masalio yote kwenye chupa moja yaoane humo; au kuitengenezea kokteli. Ipi inafaa chupa ipi, na kwa nini?

MzeeWaMapipa (Bardstown, Kentucky)

Kijana, anza na hewa. Chupa ya mililita 750 ikibakiwa na 50, ndani mna mililita 700 za hewa, na kila ukizibua unaingiza nyingine mpya. Wiski haichachi kama divai, lakini harufu zake nyepesi, zile za matunda na maua, hupaa kwanza, na kilevi nacho kinapungua kidogo kidogo. Utabaki na ladha ya mbao na utamu uliopooza. Wiski kali huvumilia zaidi. Ile ya asilimia 40 hunyong'onyea mapema. Kwa hiyo kuiacha kama ilivyo usiihesabu kuwa ni kuhifadhi. Unaipoteza polepole.

Ukitaka kweli kuhifadhi, tafuta kichupa cha kioo cha mililita 50 au 60, ukijaze mpaka shingoni, ukifunge kwa kifuniko cha kuzungusha. Plastiki usitumie. Kiweke gizani, kisimame wima. Na chupa yenye kizibo cha gome usiilaze kamwe, maana kilevi kikali kinakila. Wapo wanaopuliza gesi ya agoni ndani ya chupa ili kusukuma oksijeni nje. Kwa chupa yenye nusu nakubali. Kwa toti moja, ukizibua tu kazi inaanza upya, sioni faida yake.

Bahati_Kivu (Lexington, Kentucky)

Jambo bandugu. Mimi niko upande wa kunywa, na nitaanza na Wild Turkey kwa sababu hapo hakuna hata mjadala. Hiyo 101 iko kila duka la Kentucky na bei yake haitishi mtu. Ukiimaliza leo, kesho unachukua ingine. Jimmy Russell, mpishi wao wa wiski, alianza kazi pale Lawrenceburg mwaka 1954, na tangu hapo watu wa kile kiwanda wamejitahidi ladha isibadilike. Toti yako ya mwisho ni ndugu kabisa na toti ya kwanza ya chupa inayofuata.

Halafu kuna kitu wengi wanakiacha. Ukimaliza toti ya mwisho, usioshe glasi usiku huo. Ifunike na kisahani. Asubuhi kilevi kimekwisha kupaa, unabaki na harufu ya pipa peke yake: sukari iliyoungua, mwaloni, wakati mwingine ngozi na tumbaku. Na rai inaacha kitu kingine, kama iliki na ganda la limau. Mimi napenda ile harufu ya asubuhi karibu sawa na kinywaji chenyewe.

Binti_Kilindini (Nairobi)

Nasimamia kaunta ya baa, kwa hiyo niacheni nitetee kokteli kidogo, maana watu huidharau kana kwamba ni mahali pa kutupia mabaki.

Wild Turkey 101 ina asilimia 50.5. Nguvu hiyo haizamishwi na barafu wala sukari. Old Fashioned yenye kijiko kidogo cha sukari, matone ya Angostura (kiungo kichungu cha kokteli) na ganda la chungwa lililokamuliwa juu ya glasi itakuonyesha vanila na mdalasini ambavyo ukiinywa kavu hufunikwa na ukali. Hiyo si kuiharibu. Bahati anainywa kavu, mimi ningeitia glasi fupi yenye barafu moja kubwa, na wote wawili tuko sawa.

Rittenhouse nayo ndiyo rai ninayoishika zaidi kwa Manhattan: sehemu mbili za rai, moja ya vermouth nyekundu tamu, matone mawili ya Angostura, koroga, usitikise. Sharti moja: vermouth ni divai. Ikishafunguliwa inakaa kwenye friji na inaisha ladha ndani ya majuma machache. Usimalizie toti ya mwisho ya chupa unayoipenda kwa vermouth iliyosahaulika rafuni.

Elijah Craig na hiyo ya pipa moja usizitie chochote.

MzeeWaMapipa

Binti, mengine yote nakuunga mkono, lakini kwa Rittenhouse subiri kwanza. Mwaloni, soma lebo uniambie namba inayoanza na DSP, ile ya usajili wa kiwanda.

Ninauliza kwa sababu hiyo ni wiski ya bondi. Sheria ya mwaka 1897 inadai iwe imepikwa na kiwanda kimoja katika msimu mmoja, ikae ghalani kwa usimamizi wa serikali miaka isiyopungua 4, ijazwe kwa asilimia 50 kamili, na lebo ionyeshe imepikwa wapi. Ndiyo lebo pekee Marekani inayokulazimisha kusema ukweli huo wote.

Mwaloni_502

Shikamoo mzee. Imeandikwa imepikwa DSP-KY-354, imejazwa DSP-KY-31. Niliikuta kwenye duka la mji mdogo, nyuma ya rafu, ina vumbi.

MzeeWaMapipa

Marahaba. Basi hiyo si Rittenhouse ya kokteli.

Tarehe 7 Novemba 1996 moto ulishika maghala ya Heaven Hill hapa Bardstown. Upepo ulikuwa mkali. Maghala 7 yaliteketea pamoja na mapipa takriban 90,000, na kiwanda cha kupikia nacho kikaungua. Jina likabaki, wiski iliyonusurika ikabaki, lakini mahali pa kupikia hapakuwepo. Viwanda vingine vya Kentucky vikawapikia, na rai yao ilipikwa na Brown-Forman kule Louisville. Hiyo ndiyo 354. Mwaka 1999 Heaven Hill walinunua kiwanda cha Bernheim, huko huko Louisville, na Rittenhouse unayoinunua leo inatoka hapo: utaona DSP-KY-1. Jina ni lile lile, lebo inafanana, lakini mitambo ni tofauti na wapishi ni tofauti. Ya 354 haipikwi tena.

Iweke kwenye kichupa leo. Usingoje mwisho wa juma.

Juma_Indy (Indianapolis, Indiana)

Nimechelewa, lakini chupa ya milele haijapata wakili humu, nami ninayo.

Unachukua chupa safi ya kioo, kila ukifika mwisho wa chupa unamimina toti moja humo. Hesabu ni rahisi: mililita 60 za Wild Turkey ya 50.5 na 60 za Elijah Craig ya 47 zinakupa 120 za asilimia 48.75. Andika kila unachoongeza, kiasi na tarehe. Baada ya muda unakuwa na wiski ambayo hakuna duka duniani linaloiuza, na kila ukiongeza inabadilika.

Lakini ina masharti, na watu wanaoichukia wengi waliyapuuza. Kwanza, isishuke chini ya nusu, la sivyo hewa aliyoisema mzee inaila. Pili, bourbon na rai usizichanganye kiholela. Bourbon ni mahindi asilimia 51 au zaidi, rai vivyo hivyo ni nafaka ya rai asilimia 51 au zaidi, na rai nyingi za Kentucky zinaishia karibu na hapo. Hapa Indiana tunapika ya asilimia 95, ile inayoingia kwenye Bulleit ya lebo ya kijani. Toti moja ya hiyo inameza bourbon tano, unabaki na mnanaa na shibiti tupu. Mimi nina chupa mbili, moja ya kila aina. Tatu, wiski yenye moshi wa mboji usiikaribishe hata tone.

(Kwa wageni: hiyo rai ya 95 inatoka Lawrenceburg ya Indiana. Wild Turkey na Four Roses ziko Lawrenceburg ya Kentucky. Ni miji miwili, majimbo mawili, na wengi huichanganya.)

Neema_Njano (Dar es Salaam)

Samahani wakuu, nasoma kimya tangu mwanzo. Hiyo OBSK ni kitu gani? Na kwa nini isiingie kwenye chupa ya milele ya kaka Juma?

Juma_Indy

Swali zuri dada. Four Roses wana mapishi 10. Wanatumia mchanganyiko wa nafaka wa aina mbili na hamira za aina tano, mbili mara tano. Herufi ya kwanza, O, ni kiwanda chenyewe. B ni mchanganyiko wenye rai nyingi: mahindi 60, rai 35, shayiri iliyooteshwa 5. Ingekuwa E, rai ingeshuka hadi 20. S inasema ni wiski isiyoongezwa kitu. K ni hamira, na hiyo K huleta viungo, mdalasini na karafuu kwa mbali.

Kwa kawaida wanayachanganya mapishi hayo kupata chupa zao za kila siku. Duka linapochagua pipa moja, linatoa pishi moja, kutoka pipa moja, lililokaa sehemu moja ya ghala. Likishajazwa kwenye chupa zikaisha, basi. Ukiimimina kwenye chupa yangu umefuta kitu pekee kilichoifanya inunuliwe. Hata mimi mwenye chupa ya milele siitii humo.

Bahati_Kivu

Na ndiyo maana nasema ikunywewe! Kichupa gani kitaifanya iwe bora? Pipa limekwisha, kichupa nacho kitakwisha. Mwaloni, kama kuna mtu mlinunua naye au aliyeipenda pamoja na wewe, muite, gawaneni nusu nusu, muongee juu yake mkiwa nayo mdomoni.

Binti_Kilindini

Kwa OBSK niko na Bahati. Ya 354 niko na mzee. Naona kipimo ni kimoja: je, kuna siku au mtu unayemngojea? Kama yupo, hamisha. Kama hakuna, kichupa ni kabati dogo zaidi tu, na baada ya miaka utakuwa na vichupa ishirini usivyovinywa badala ya chupa nne.

Elijah Craig 12 sijui mnasemaje.

MzeeWaMapipa

Hiyo ina kazi yake maalumu. Namba 12 iliondolewa mwaka 2016, kwa kuwa mapipa ya umri huo hayakutosha wanywaji. Siku hizi wanachanganya ya miaka 8 hadi 12, nguvu ile ile ya asilimia 47. Kwa hiyo nunua mpya, mimina kidogo ya zamani kando yake, glasi mbili zinazofanana, uonje ukirudiarudia. Mpya ina uchangamfu zaidi, karameli yake iko mbele. Ya zamani nzito, mwaloni mkavu, mwisho mrefu. Toti ya mwisho ndiyo nafasi yako ya mwisho ya kuzilinganisha kwa ulimi wako badala ya kusikia sisi tukibishana.

Mwaloni_502

Nimewaelewa. Wild Turkey itakuwa Old Fashioned leo jioni, mimi na mke wangu. OBSK naigawana Jumamosi na jirani niliyeinunua naye. Elijah Craig naiweka kando ya mpya kama alivyosema mzee. Rittenhouse nimeshaihamisha, kichupa kimejaa mpaka shingoni.

Hiyo namngojea kaka yangu wa Mombasa, ndiye aliyenifundisha kuipenda rai. Swali la mwisho: naweza kumpelekea kwenye mzigo nikienda Desemba?

Juma_Indy

Hapana kaka. Kanuni za anga za Marekani zinaruhusu kilevi cha zaidi ya asilimia 24 hadi 70, lita 5 kwa abiria, kikiwa kwenye chombo cha dukani ambacho hakijafunguliwa. Kichupa ulichojaza jikoni hakimo. Posta ya Marekani nayo haipokei pombe kabisa, kwa hiyo usijaribu huko. Mpelekee Rittenhouse mpya iliyofungwa, na hiyo ya 354 ikae mpaka yeye atakapokuja Louisville.

Binti_Kilindini

Na chupa tupu ya 354 na ya Elijah Craig usizitupe zikiwa nzima. Wapo wanaozikusanya chupa za wiski adimu, wakazijaza wiski rahisi na kuziuza kwa bei kubwa. Kwangua lebo au ziweke nyumbani zenye kizibo kilichotobolewa.

MzeeWaMapipa

Kwenye kichupa bandika karatasi: jina, DSP-KY-354, asilimia 50, tarehe ya kuhamisha. Andika kwa penseli. Tone moja la wiski likimwagikia wino, hutasoma kitu.