Mashine "inayochomelea kila kitu", video za mishono mizuri, na inteki yangu iliyopinda

Wakuu, hasira hii nimeilea miezi minne, leo naimwaga. Uzi ni mrefu, asiye na muda apite tu.

Chuma nachomelea miaka mingi. Nikasema sasa nijitengenezee inteki ya alumini, yaani mabomba ya kuingizia hewa kwenye injini, ya injini ya silinda nne: flanji (bamba la kufungia kwenye injini) ya milimita 10, mabomba manne, na juu yake tangi la hewa la bati la milimita 3. Vipimo nilichukua kwenye hedi yenyewe, kichwa cha injini. Nikajiona fundi.

Naanza na muuzaji wa mashine. Nilimwambia kwa mdomo wangu kwamba nataka kuchomelea alumini, akanijibu TIG hii (mashine ya kuchomelea kwa arki, yaani mwako wa umeme, ndani ya gesi) inachomelea kila kitu. Nikaifunga, gesi ya argoni ya kukinga mshono ipo, safi, arki inawaka vizuri, lakini alumini inakunjamana kama ngozi ya kibogoyo na haishikani. Siku tatu nalaumu mkono wangu. Kumbe mashine ni ya DC tupu, umeme wa mkondo mmoja! Alumini imevaa oksidi inayoyeyuka karibu nyuzi 2,070 za Selsiasi, wakati yenyewe ndani inakuwa maji kwenye 660. Unapika nyama, ngozi iko palepale. Umeme wa AC, unaogeuka mwelekeo, ndio unaoibandua hiyo ngozi: upande mmoja wa wimbi unasafisha, upande wa pili unayeyusha. Kwenye boksi TIG imeandikwa kwa herufi kubwa kama mlango, DC iko mgongoni kwa herufi za sisimizi. Kuirudisha? "Imeshatumika hiyo, kaka."

Haya, nikajichanga nikapata ya AC. Nikahamia kwa walimu wa video, na hawa ndio wamenimaliza.

Kila video mshono kama magamba ya samaki, muziki nyuma, basi. Saa nzima ya kusafisha kabla ya hapo haionyeshwi. Hakuna aliyeniambia kwamba brashi ya waya iwe ya chuma kisichoshika kutu na isiguse chuma kingine maisha yake yote. Wala kwamba mafuta yanafutwa kwanza ndipo upige brashi, kwa sababu ukianza na brashi unayasugulia mafuta ndani. Kazi yangu ilitoka na vitundu kama sponji, maana unyevu na mafuta vinatoa hidrojeni, na alumini ikipoa inaifungia humohumo.

Kuna mwalimu mmoja, wafuasi kibao, anafutia kwa dawa ya kupulizia ya kusafishia breki halafu anawasha arki. Wakuu! Zile zenye klorini zikipigwa na joto na mwanga wa arki zinaweza kutoa fosijeni, gesi iliyoua askari kwenye Vita Kuu ya Kwanza. Nilimwandikia chini ya video, akafuta nilichoandika. Tumieni asetoni, na muiache ikauke kabisa kabla ya kuwasha chochote.

Halafu joto. Chuma kinaanza kuiva chekundu, kinakupa taarifa. Alumini haina adabu hiyo. Inakaa na rangi yake ileile, ghafla inang'aa kama kioo, na usipopunguza pedali ya umeme tangi limetoboka. Bomba la tatu nimelitoboa mara mbili.

Nikauliza kwenye uzi wa mtu, majibu kumi na moja: "Fanya mazoezi tu mkuu." Mazoezi ya nini? Kwa nini hakuna aliyesema anza na kama ampea 40 kwa kila milimita ya unene, yaani 120 hivi kwa bati langu? Kwamba unapounga bati na flanji nene, arki ielekee kwenye flanji? Fimbo za kujazia mshono nilizouziwa ni za aina ya 5356, ambayo haishauriwi kwa kitu kitakachoshinda kwenye joto la kupita nyuzi 65. Kwa inteki iliyokaa juu ya injini, ya alumini ya aina ya 6061 kama yangu, ni fimbo ya 4043. Hilo nalo nimelijua baada ya kumaliza pakiti.

Flanji sasa. Nilichomelea mabomba yote manne mfululizo, kutoka kushoto kwenda kulia, flanji ikiwa huru mezani. Ilipopoa nikaiwekea rula: imepinda kama upinde, geji (kibati cha kupimia nafasi) ya milimita 0.6 inapita katikati bila kugusa. Ilitakiwa ifungwe kwa bolti kwenye kipande kinene cha chuma, nirukeruke kutoka bomba moja hadi jingine, na isifunguliwe mpaka ipoe. Nikaifunga hivyohivyo na gasketi, kwa ubishi. Injini ikawaka, mlio unapanda na kushuka wenyewe, inavuta hewa pembeni mpaka unaisikia ikifyonza.

Inteki imerudi mezani, naisugua flanji kwa msasa juu ya kioo kinene, jioni hadi jioni. Ile mashine ya DC nayo ipo, nauza. Kwa chuma ni nzuri sana. Anayetaka ya alumini asinipigie.