Naomba ushauri: kufundisha tanzia ya Mfalme Oedipus, Kidato cha Tatu

Mwalimu wa Nyando: Wadau, hamjambo. Nafundisha fasihi katika shule ya kutwa upande wa Ahero. Nimewapa Kidato cha Tatu tamthilia ya Sophocles, Mfalme Oedipus, waonje tanzia, yaani mchezo wa maangamizi ya shujaa, kabla hatujarudi kwa vitabu vya mtihani. Msuko wameushika: mfalme anamsaka aliyemuua Laius, mfalme aliyemtangulia, ili tauni iondoke Thebes, kumbe muuaji ni yeye, Laius ni babake, na mkewe Jocasta ni mamake mzazi. Tatizo ni maudhui. Nikiuliza, darasa zima linajibu "majaaliwa", basi. Niwavushe vipi? Na wakiigiza, onyesho la mwisho nilipunguze? Silali kwa sababu ya jambo hili.

Nyar Kano: Una watoto wa Kano halafu unaanzia Ugiriki? Anza na Luanda Magere, shujaa wa Waluo. Mwili jiwe, mkuki haupenyi. Akaozwa binti wa adui zake Wanandi. Magere akaugua, akamwambia mke achanje kivuli badala ya mwili. Siri ikatoka, kivuli kikachomwa mkuki. Waulize nani alimuua: adui, au imani yake kwa mke? Kisha wapeleke Thebes. Magere aliangamia kwa kuitoa siri, Oedipus kwa kuisaka. Watabishana hadi kengele ilie. Nyanya yangu alikuwa akisema wawindaji hunoa mikuki kwenye jiwe lake, nasi tukiamini kabisa.

Msomi wa Kakamega: Wakisema majaaliwa, wabane. Unabii ulisema atamuua baba, haukumwamuru achunguze. Tiresias, yule mtabiri, anakataa kusema, Jocasta anamsihi aache, mchunga mifugo anamlilia, Oedipus anakaza tu. Wape dondoo hizo tatu waeleze anakaza kwa nini: kiburi, au kuwapenda watu wake wanaokufa? Halafu Tiresias kipofu ndiye anayeona. Aristotle alishasema shujaa wa tanzia haanguki kwa uovu, huanguka kwa kosa.

Shangazi wa Mbale: Mambo ya mtu kumwoa mamake yanatafuta nini shuleni? Wangu wawili wako sekondari na hata salamu hawajui. Fundisheni adabu kwanza.

Boda wa Kondele: Mwalimu, maudhui hayamnyimi mtu usingizi. Toa yote.

Mwalimu wa Nyando: Sawa. Kijana niliyempa nafasi ya Oedipus hakuzaliwa na wazazi wanaomlea, na hajui. Mama aliniambia faraghani siku ya mkutano wa wazazi. Lakini hakuna anayemfikia kwa kuigiza, mistari ameihifadhi, na barua za mwaliko zimeshatoka. Nikimvua nafasi bila sababu, hapo ndipo ataanza kuuliza.

Msomi wa Kakamega: Mwalimu! Yule mjumbe wa Corinth alikuja kwa nia njema pia. Alitaka kumtoa mfalme hofu, ndipo akamwambia Polybus, mfalme wa Corinth aliyemlea, hakuwa babake.

Boda wa Kondele: Ngojeni. Mtoto asiyejua wazazi wake anaigiza mtoto asiyejua wazazi wake, na mwalimu anajua? Hii imetungwa. Huyu anatujaribia tamthilia yake.

Shangazi wa Mbale: Nami nimeshuku. Mama gani anamwaga siri kama hiyo kwa mwalimu?

Nyar Kano: Mama aliyechoka kuibeba peke yake. Mimi nililelewa na shangazi nikimwita mama. Aliyenifungulia macho ni mlevi mmoja matangani. Na humo kwenye tamthilia, aliyemwambia Oedipus kwanza kwamba si mwana wa babake ni nani? Mlevi, karamuni. Mnaona imetungwa kwa sababu hayajawapata.

Boda wa Kondele: Basi wewe na mwalimu ni mtu mmoja.

Mwalimu wa Nyando: Sina haja ya kutunga. Kijana anaupenda mchezo huu kuliko somo lolote nililowahi kumfundisha, na sitamnyang'anya. Nitaongea na mama baada ya onyesho.

Nyar Kano: Kabla, mwalimu. Na onyesho la mwisho usilikate. Oedipus, ameshajitoboa macho, anaomba kuwashika binti zake, na anawalilia wao kuliko anavyojililia. Maudhui unayoyatafuta yako hapo. Lakini yule mama aambiwe kuna mlevi na kuna mjumbe humo ndani kabla hajaketi mbele ya watu. Aamue yeye.