Meno yetu ya kahawia: serikali ilipie kuyatengeneza au hela zote ziende kwenye maji?

Binti_Usa: Wadau, mi nimezaliwa Usa River huku Arusha, meno yangu ya kahawia tangu yalipoota haya ya ukubwani. Juzi nimekosa kazi ya mapokezi, aliyenihoji muda wote macho yako mdomoni kwangu. Serikali ilipie kuyafunika, haya maji yenye floraidi nyingi, madini yanayotia meno madoa, hatukuyachagua.

Kibosho_Juu: Pole dada, ila hela iende kwenye maji, tuokoe watoto kwanza. Halafu na mswaki nao mpige jamani.

Binti_Usa: Mswaki?? Kaka umenichoma. Napiga asubuhi na usiku. Floraidi inaingia jino likiwa bado linajitengeneza ndani ya fizi, wewe ulikuwa na mswaki wa kufika huko?

Babu_Tengeru: Kijana muombe radhi mwenzio. Hata Marekani yalikuwepo, daktari McKay alifika Colorado Springs 1901 akakuta watu na madoa hayohayo, wakahangaika miaka 30 mpaka 1931 maji yalipopimwa ikaonekana ni floraidi. Na aliona meno yale hayaozi ovyo, ndo maana 1945 Grand Rapids wakaanza kuitia kwenye bomba, kidogo sana, kama miligramu 1 kwa lita. Wenzetu wanaongeza sisi tunatafuta pa kuipunguzia!

Mama_Ngaramtoni: Mnasema maji tu, magadi je? Nayo ina floraidi, mtu ana maji safi ya kununua halafu kande la watoto kila siku linawekwa magadi.

Kibosho_Juu: Mama hapo hapana. Magadi tumekula tangu mababu, kande bila magadi unachoma gunia zima la mkaa.

Mama_Ngaramtoni: Ndo hao mababu wenye meno ya kahawia mwanangu.

Mlei_wa_Majengo: Kuna chujio za mkaa wa mifupa, pale Ngurdoto wameifanyia utafiti miaka mingi, inanasa floraidi vizuri.

Kibosho_Juu: Mifupa ya mnyama gani? Wapo wasiogusa kila mnyama, waambiwe wazi.

Mlei_wa_Majengo: Ng'ombe ndugu, na inachomwa kwenye tanuri.

Binti_Usa: Mimi nimeuliza meno mnaniletea magadi. Na radhi sijaombwa.

Mama_Ngaramtoni: Mwanangu nakusikia, ila nimjibu huyu wa gunia la mkaa. Loweka mahindi na maharage usiku kucha, mkwe wangu ni wa hukohuko kwenu Moshi, hatii hata chembe ya magadi na kande linaiva.