Naomba ushauri: mti gani unafaa kwa upinde?

Habari zenu wakuu. Nipo Dodoma, nataka kuchonga upinde wa kulenga shabaha tu (gunia la pumba nyuma ya nyumba), si wa kuwindia. Urefu kama mita 1.6, na uzito wa kuvuta usizidi kilo 18 hivi.

Nilianza na ubao wa mgrevilea kwa kuwa unapatikana kirahisi. Ulichongeka vizuri, ila nilipoanza kuuvuta, upande wa mgongo, ule unaotazama shabaha, ukachanika na kubanduka vibanzi hadi ukakatika. Nyuzi za ubao zilikuwa zinakatiza mshazari badala ya kufuata urefu, nadhani ndiyo chanzo. Mwanzi nao haukukatika, lakini umebaki umejikunja hata ukivua ugwe, na mshale hauendi mbali.

Mzee mmoja kaniambia niachane na mbao za dukani, nitafute mkole. Nimepata ufito mnene kama mpini wa jembe, umenyooka, bado mbichi. Nimeupaka nta ncha zote mbili usipasuke, upo kivulini.

Kwa mliowahi kuchonga mkole: mnaanza ukiwa bado na unyevu au mnasubiri ukauke kabisa? Na upande wa mgongo, nitoe gome tu bila kugusa mti wenyewe, au niupasue ufito katikati kwanza? Una vifundo viwili karibu na mshikio, na kimoja kipo hapohapo mgongoni.