Tupeane uzoefu: siku uliyofungua logi za kompyuta ukajua kwa nini inajizima au inagoma kuwaka

MzeeWaFotokopi

Wakuu habari za jioni. Nina steshenari ndogo Morogoro: fotokopi, kuprinti, laminesheni, kujazia vijana fomu. Mwaka jana deskitopu yangu ilianza tabia. Katikati ya kazi inazima pu, sekunde mbili, inajiwasha yenyewe. Si kila siku, na asubuhi haifanyi hivyo kabisa. Fundi wa kwanza akasema RAM, nikanunua. Wa pili akapiga Windows upya, yakaenda na mafaili ya wateja niliyosahau kuyahamisha. Wa tatu akaniuzia pawasaplai. Ikatulia siku nne nikaanza kumsifia mtaani, ya tano ikazima mteja akiwa amebakiza ukurasa mmoja wa CV.

Akaja mtoto wa dada yangu likizo. Swali lake lilikuwa moja: "Mjomba, umesoma logi?" Sikujua hata kama zipo, hizo kumbukumbu za matukio ambazo kompyuta hujiandikia yenyewe. Akabonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, akaandika eventvwr.msc, akafungua Windows Logs halafu System. Mistari imejaa kama daftari la mahudhurio ya shule. Pembeni kulia akabonyeza Filter Current Log, akaandika namba za matukio 41,6008. Ikabaki mistari michache tu.

Hapo nikaelezwa jambo ambalo mafundi watatu hawakuligusa. Namba 41 inasema tu kwamba mashine imeamka na mara ya mwisho haikuzimwa kwa utaratibu. Inaandikwa baada ya kuamka, kwa hiyo saa yake ni saa ya kuwaka. Saa ya kufa imo ndani ya maneno ya 6008. Tukafungua 41, upande wa Details, tukatafuta BugcheckCode, namba ya kosa la skrini ya bluu. Ilikuwa 0. Maana yake Windows haikupata nafasi hata ya kuonyesha skrini ya bluu: ama umeme uliikatikia ghafla, ama iliganda mtu akashikilia kitufe. Na mimi kitufe sikukigusa.

"Sasa mjomba, saa hizi zinakukumbusha nini?" Nikaleta daftari la mauzo. Mimi kila kazi naiandika na saa yake, tabia niliyoianza baada ya kuibiwa na msaidizi. Tukaweka kidole kwenye skrini, kidole kwenye daftari. 14:47, kopi kumi za cheti. 15:20 ya siku nyingine, kopi za kitambulisho. Kila kifo kilikuwa kwenye kopi ya kwanza baada ya fotokopi kukaa muda mrefu bila kazi, hasa nikitoka kula. Ile mashine ikiamka inapasha moto roli yake, inavuta umeme kwa pupa. Na ilichomekwa kwenye eksitensheni moja na deskitopu, ya bei rahisi ya kando ya barabara, waya mwembamba kama kamba ya kiatu.

Tukaijaribu. Fotokopi ikalala, nikaweka karatasi, nikabonyeza. Taa ikakonyeza, feni ya dari ikashuka sauti, deskitopu pu! Nilicheka peke yangu kama mwehu. Fotokopi ikahamia soketi ya ukutani, na hadi leo sijaona 41 nyingine.

Haya, na nyie mlikutana na nini?

Fundi_Mpitanjia

Mkuu hizo logi ni kupoteza muda. Mteja anataka iwake. Piga Windows, yaishe.

MzeeWaFotokopi

Kaka usije ukawa wewe ndiye fundi wangu wa pili.

kodi_na_kofia

@Fundi_Mpitanjia kwa heshima zote, ukipiga Windows na kufuta diski umeufuta ushahidi. Hata kama lazima upige, chukua kwanza faili la System.evtx, liko C:\Windows\System32\winevt\Logs. Tia kwenye flashi. Unalifungua kwenye kompyuta yoyote yenye Windows, hata kama ile ya mteja haiwaki kabisa: toa hadidiski yake, ichomeke kwa nyingine, uvute faili.

Na mleta mada, usije ukaichomeka hiyo fotokopi kwenye UPS (lile boksi la betri la kushikilia umeme ukikatika) ukidhani unaisaidia. Mashine zenye kupasha moto zinailemea.

Dada_Leja

Mimi niliomba radhi kwa mlinzi. Kompyuta ya ofisi nilikuwa naiacha imewaka na lahajedwali imefunguliwa, asubuhi naikuta imezima, au imewaka upya na kazi yangu haipo. Mlinzi wa usiku huwa anaingia kufunga madirisha. Nikamweka moyoni. Nikaanza kumsalimia kwa kifupi, nadhani alishajua kuna kitu.

Kijana mmoja wa idara nyingine akanionyesha namba 1074. Hii ni tofauti na 41: hii inaandikwa pale programu au mtu anapoagiza kuzima kwa utaratibu, na inataja nani na kwa sababu gani. Nikakuta MoUsoCoreWorker.exe, saa tisa usiku. Hiyo ni apdeti ya Windows yenyewe. Inashusha mambo yake, inasubiri tulale, inawasha upya. Nikaweka saa za kazi kwenye mipangilio ya apdeti, na muhimu zaidi nikaanza kusevu kabla ya kuondoka.

Mlinzi nilimnunulia soda. Hakujua ya nini, akashukuru tu.

NipoFildi

Wakuu naomba msaada, laptopu yangu ina hiyo 41 nyekundu karibu kila siku, nimehesabu tisa wiki hii. Ni virusi? Ripoti yangu ya fildi iko humo.

kodi_na_kofia

41 yenyewe si ugonjwa. Tunataka kujua mistari iliyoandikwa *kabla* ya kifo. Soma saa iliyotajwa na 6008, ondoa kichujio, rudi nyuma dakika kumi kutoka saa hiyo. Je, inazima yenyewe au inaganda wewe unashikilia kitufe?

NipoFildi

Inaganda, nashikilia kitufe. Ngoja niangalie, niko darasani.

Pwani_Terminal

Hamjambo ndugu zangu, mimi niko Mombasa, natumia Ubuntu (mfumo wa Linux, si Windows). Huku stima ikipotea watu husema "mashine imeharibika" kabla hata hawajaangalia kama jirani ana taa.

Yangu ilikuwa kuwaka. Inakwama kwenye skrini nyeusi, saa inahesabu hadi dakika moja na nusu, kisha inaniangusha kwenye hali ya dharura, herufi nyeupe tupu. Nikaandika journalctl -b -p err, amri ya kusoma logi huku kwetu, ikanitolea makosa ya uwashaji huo peke yake. Mstari mmoja ulikuwa unalalamikia diski ambayo haionekani. Nikakumbuka: wiki iliyopita nilitoa diski ya pili nikampa shemeji, lakini jina lake nililiacha kwenye /etc/fstab, faili lenye orodha ya diski ambazo mashine inazitafuta ikiwaka. Mashine ilikuwa inamsubiri mtu aliyekwishahama. Nikaweka alama ya # mbele ya ule mstari, ikawaka mara moja.

Kwa wanaozimiwa ghafla: journalctl --list-boots inakupa orodha ya kila uwashaji, na journalctl -b -1 -e inakupeleka mwisho wa uliopita. Ukiona huduma zinasimamishwa moja baada ya nyingine, ilizimwa kwa utaratibu. Ukiona mstari wa kawaida kisha hakuna kitu, kama mtu aliyekatizwa akiongea, umeshapata jibu. Lakini hakikisheni folda ya /var/log/journal ipo. Isipokuwepo, logi zinakaa kwenye RAM na kufutika mashine ikizima.

SaaMbovu

Nichangie kituko. Nilisoma 41 kule kwenye Details, mwonekano wa XML, nikaona 11:47. Nikaapa kwamba saa tano na dakika 47 asubuhi kompyuta ilikuwa imefungwa kwenye begi. Nikawagombeza wadogo zangu. Kumbe pale saa imeandikwa kwa UTC (saa ya kimataifa), ina herufi Z mwishoni. Ongeza tatu kwa Afrika Mashariki upate 14:47, halafu ugeuze kwa Kiswahili, saa nane na dakika 47 mchana. Hesabu mbili za saa kwa mstari mmoja. Ukisoma upande wa General inakupa saa ya hapa hapa, baki huko.

Mkunga_wa_PC

@SaaMbovu jina limekufaa. Yangu ni ya saa pia. Deskitopu ya shule, kila ikiamka inasema tarehe ya miaka ya nyuma, tovuti zote zinakataa kufunguka kwa sababu ya vyeti vya usalama. Tulikuwa tukitafuta matukio ya jana hatuyaoni. Tukapanga kwa tarehe, kumbe yako chini kabisa, yamezikwa na ya zamani. Ilikuwa betri ndogo ya ubao inayotunza saa, CR2032, ya volti 3. Ukitoa ile na kuweka mpya, rekebisha saa kwanza ndipo uanze kusoma logi. Vinginevyo unasoma shajara ya mtu asiyejua leo ni lini.

modemu_ya_zamani

Yangu ilikuwa kuzima. Unabonyeza Shut down, vidoti vinazunguka, unakwenda kuoga, unarudi, bado vinazunguka. Halafu skrini ya bluu, inawaka tena. Kwenye 41 BugcheckCode ilikuwa 159. Nikahangaika kuitafuta 159 sioni, mpaka mtu akaniambia imeandikwa kwa desimali, nifungue kikokotoo upande wa programa nigeuze kwenda heksadesimali. Ikatoka 9F: kuna draiva (programu ya kuendesha kifaa) imekataa kulala mashine inapozimwa. Kifaa pekee cha ajabu nilichokuwa nacho ni modemu ya USB ya intaneti, na draiva yake niliiweka toka nasoma diploma. Nikaiondoa. Siku hizi natumia simu kama hotispoti, laptopu inazima kabla sijasimama.

Fundi_Mpitanjia

Sawa sawa, nimewasikia. Swali moja: kuna mteja anazima laptopu kila usiku, lakini Task Manager inasema imewaka siku 19. Hiyo nayo?

kodi_na_kofia

Karibu upande wetu mkuu 😄 Hiyo ni Fast Startup. Ukibonyeza Shut down, Windows inaihifadhi kernel (kiini cha mfumo) kwenye diski badala ya kuifunga, kwa hiyo siku zinaendelea kuhesabiwa. Mwambie awashe upya kwa Restart, itarudi sifuri. Kwenye System tafuta Kernel-Boot namba 27: 0x0 ni kuwaka kamili, 0x1 ni ile ya haraka.

NipoFildi

Nimerudi. Kabla ya kila kuganda kuna mistari mingi, chanzo kimeandikwa disk, namba 7. Maneno yake kama yanasema Harddisk0 ina kipande kibovu. Ipo mara 63 toka Jumatatu. Nijaribu kupiga Windows?

kodi_na_kofia

HAPANA. Usipige, usiscani, usiwashe na kuzima kujaribu. Diski inakufa. Azima eksternali sasa hivi, anza na ripoti, mengine baadaye. Faili likigoma kukopi liruke, usiling'ang'anie.

Mkunga_wa_PC

Na usiisogeze sogeze. Iweke mezani, chaja ndani, iache.

MzeeWaFotokopi

Kijana, ripoti ipo wapi? Mpe mwenzako aifungue kwenye mashine yake uhakikishe inafunguka.

NipoFildi

Ripoti imetoka, imefunguka kwa rumumeti, kurasa zote 48. Sasa hivi inakopi picha. Imefika asilimia 71 inanguruma kama pikipiki, nimekaa mbali nayo naiangalia tu.