Mjadala: Anayetaka kuwa mhasibu aombe shahada ya uhasibu na menejimenti, au ya uhasibu pekee?

Mleta hoja: Wanaoipinga shahada ya pamoja husema kwamba mwanafunzi hutoka chuoni na nusu ya kila kimoja. Mimi naiunga mkono, ingawa kwa sharti moja ambalo waombaji wengi hulisahau.

Utengano wenyewe wa fani hizi si wa asili. Luca Pacioli, mtawa na mwanahisabati wa Italia, alipochapisha kitabu chake Venice mwaka 1494 na kueleza jinsi kila muamala unavyoandikwa mara mbili, alikuwa akimwelekeza mfanyabiashara namna ya kuijua hali ya biashara yake. Mhasibu asiyeelewa ni kwa nini meneja anaulizia gharama ya bidhaa moja moja ataandaa taarifa sahihi isiyomfaa mtu yeyote.

Sharti langu ni kwamba mwombaji asome orodha ya masomo kabla ya kujaza fomu. Katika ACCA, chama cha kimataifa kinachotoa sifa ya kitaaluma ya uhasibu, kwa mfano, utaratibu uliozoeleka una mitihani 13, na mhitimu anaweza kusamehewa isiyozidi 9, kutegemea alichosoma. Shahada mbili zenye jina lile lile huweza kumfikisha mtu mahali tofauti kabisa, kwa kuwa moja imefanya ukaguzi wa hesabu na kodi kuwa masomo ya lazima, na nyingine imeyaacha yawe ya hiari.

Mchangiaji: Ndugu mleta hoja, unamtwisha mwombaji mzigo usio wake. Kijana aliyemaliza sekondari juzi atapimaje uzito wa somo la ukaguzi ambalo hajawahi kulisikia? Chuo ndicho kinachopaswa kutamka wazi ni misamaha ipi shahada yake inatambuliwa nayo. Aidha, nchini Marekani majimbo mengi yamekuwa yakidai krediti (vipimo vya masomo ya chuo) 150 kwa anayetaka leseni ya CPA, yaani mhasibu wa umma aliyeidhinishwa, ilhali shahada ya kawaida ina takriban 120. Kila nafasi inayochukuliwa na somo la masoko au la rasilimali watu ni deni litakalolipwa baadaye.

Mleta hoja: Kuhusu wajibu wa chuo nakubali bila ubishi, ila kisipoutimiza, anayeumia ni mwombaji, hivyo na aulize kwa maandishi. Kuhusu krediti 150, mfano wako unanisaidia mimi: masharti hayo hudai pia masomo ya biashara kwa jumla, si ya uhasibu peke yake.

Tena aliyeisoma orodha huandika maelezo bora ya maombi. Wengi huandika kwamba wanapenda namba tangu utotoni, (sentensi ambayo, nadhani, wasomaji wa maombi wameichoka), wakati hesabu nyingi za fani hii ni za kujumlisha na kugawanya. Ugumu uko katika uamuzi: mteja akilipa leo kwa huduma ya miaka miwili, mapato ya mwaka huu ni kiasi gani? Mwombaji anayeweza kueleza ni kwa nini jibu hilo linambadilishia meneja mipango yake amekwisha kueleza ni kwa nini ameomba fani zote mbili.