Tingatinga kwenye fulana nyeusi: tubaki na skrini au tuhamie DTF?

MbuyuPrint
Wakuu, habari za kazi. Kuna fulana 60 nyeusi za pamba, mgongoni tausi wa mchoraji wa Tingatinga wa hapa Dar. Ni toleo la mchoraji mwenyewe, la kuvaliwa mtaani, si zawadi ya mtalii. Mchoro ulipigwa picha ukatenganishwa rangi nane. Wino plastisoli (wino wa plastiki), skrini (wavu wa kupitishia wino, mmoja kwa kila rangi) zote 43T, bila nyeupe ya chini, yaani tabaka la kwanza la kubeba rangi. Sampuli imetoka na rangi zilizofifia, vidoti vya manyoya vimeungana, na wino umepasuka baada ya kufuliwa mara mbili. Turekebishe nini, au tuhamie DTF (mchoro unachapwa kwenye filamu, kisha unabandikwa kwenye fulana kwa joto)?

Wino_na_Fremu
Kupasuka ni suala la joto. Plastisoli haikauki kwa hewa, inaiva, na tabaka lote lazima lifike takriban nyuzi joto 160 za Selsiasi. Juu panaweza kuonekana pakavu huku chini bado pabichi. Ivute chapa kwa mikono miwili: ikichanika mistari mistari, haijaiva. Pasi ya nyumbani isitumike, joto lake halilingani.

Rangi kufifia ni kwa sababu kitambaa cheusi kinaimeza. Anza na nyeupe kwa 43T, ipashe sekunde chache mpaka isinate kidoleni, basi. Ukiiivisha kabisa, rangi ya juu haitashika, itabanduka. Hiyo nyeupe iwe ndogo kuliko rangi ya juu kwa kama milimita 0.3 kila upande, la sivyo itachungulia pembeni. Rangi za juu zipite 77T, wavu wenye matundu madogo zaidi. Skrini ya 43T ina nyuzi 43 tu kwa sentimita, inamwaga wino mwingi, ndiyo maana vidoti vinaungana. Na acha nafasi ya milimita 2 au 3 kati ya skrini na fulana.

Kijiti_na_Rangi
Hayo ni sahihi, ila kwangu kosa kubwa liko kwenye picha. Rangi ya mafuta ya Tingatinga inang'aa, kamera inaokota mng'ao na kompyuta inauhesabu kama rangi. Halafu ule usuli unaofifia kutoka rangi moja kwenda nyingine unapendeza kwenye kibao cha mchoro, lakini kwenye fulana unakula skrini mbili bure.

Mpeni mchoraji filamu angavu (karatasi ya plastiki inayopitisha mwanga, ya kutengenezea skrini) na wino mweusi mzito, achore upya, filamu moja kwa kila rangi. Weusi wa fulana uwe ndio usuli na ndio mistari ya kontua, ile ya kuzungushia umbo. Tausi anatosha rangi tano. Vidoti visipungue milimita 1, na mkono wake utaonekana ulivyo. Mchoraji Mmarekani Keith Haring alipofungua duka lake la Pop Shop New York mwaka 1986, mistari yake minene ilikuwa tayari inakubali fulana. Tingatinga nayo ina kontua kali na rangi bapa, kwa hiyo msiichape kama fotokopi ya kibao.

Toleo60
DTF ni nzuri kwa fulana chache zenye michoro tofauti. Kwa 60 za mchoro mmoja, skrini. Chapa kubwa ya DTF mgongoni ni kama plastiki, haipitishi hewa, na kwa joto la Dar mteja ataivaa mara moja tu.

Mkataba uwe wa maandishi: idadi, malipo ya mchoraji kwa kila fulana, nani anabaki na filamu. Kununua kibao hakukupi haki ya kukinakili. Namba ya toleo ichapwe ndani ya shingo, 1/60 na kuendelea, na skrini zifutwe kazi ikiisha.

MbuyuPrint
Shukrani sana. Mpangilio wa rangi je?

Wino_na_Fremu
Nyeupe, pasha, njano, nyekundu, kijani, bluu, kisha nyeupe ya pili ya macho na vidoti iwe ya mwisho. Njano ikianza kuchafuka, futa chini ya skrini za rangi zinazofuata kila baada ya fulana chache, maana ndizo zinazookota njano mbichi.